Kamera inaruka, inaganda, haisomeki: kutafuta tatizo kwenye fremu na mikondo ya kamera za ulinzi

Malalamiko ya wenye kamera hapa Tanga yanafanana, uwe Ngamiani, Chumbageni au Raskazone. Picha inaruka. Picha inaganda. Au kamera inaonyesha vizuri siku zote, halafu siku ya wizi mtu hatambuliki. Anayelalamika huwa ameshaamua kwamba kamera ni mbovu na anataka ibadilishwe, na wapo mafundi watakaomuuzia nyingine bila kumuuliza swali hata moja. Usikimbilie kununua. Kamera nyingi zinazolaumiwa ni nzima kabisa. Kilichokosewa ni idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) zinazotumwa kwa sekunde, bitireti iliyowekwa (kiasi cha data kinachotumwa kila sekunde), na mkondo gani wa video unaangaliwa wapi. Na kosa linalozaa mengine ni kuamini kwamba fremu nyingi ndiyo picha safi, kisha kuweka fremu 25 kila mahali, kuanzia kaunta hadi stoo isiyoingiwa na mtu.

Utahitaji neno la siri la rekoda, kile kiboksi kinachohifadhi video za kamera, na subira ya kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa vitatu kwa mpigo, tatizo likiondoka hutajua lilikuwa wapi, na likirudi utaanza moja.

Kabla ya kugusa menyu

Je, tatizo linaonekana kwenye simu tu, au hata kwenye skrini iliyochomekwa kwenye rekoda yenyewe? Likiwa kwenye simu tu, kamera haihusiki. Angalia intaneti na mkondo unaotazamwa. Ni kamera moja au zote? Moja ikisumbua, mshuku waya wake, vichwa vya waya na umeme unaoifikia. Zote zikisumbua, nenda kwenye swichi (kiboksi cha mtandao kinachounganisha waya za kamera), rekoda au rauta. Ni mchana pia au usiku peke yake? Matatizo ya usiku yana ukoo wake, nayo nitayaeleza peke yake huko mbele.

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika: tatizo liko kwenye picha ya moja kwa moja au kwenye rekodi? Kamera hutuma mikondo miwili kwa wakati mmoja. Mkondo mkuu ndio unaorekodiwa, una picha kubwa na bitireti kubwa. Mkondo mdogo, mara nyingi wa pikseli 640 kwa 360 au 704 kwa 576, ndio unaojaza vile vigawanyo vya skrini na ndio unaokwenda kwenye simu. Kila mmoja una fremu zake, bitireti yake na kodeki yake, yaani njia ya kubana video. Kwa hiyo picha ya moja kwa moja inaweza kuruka huku rekodi iko safi, au kinyume chake. Rudisha nyuma rekodi ya dakika ileile uliyoona picha ikiruka. Ikitiririka vizuri, uache mkondo mkuu kama ulivyo, shughulika na ule mdogo.

Mtu akitembea anakuwa viboksi, akisimama picha inasafika

Hapa kuna fremu nyingi na bitireti ndogo. Bitireti ni sinia moja la pilau: wakikaa watu 12 kila mmoja anashiba, wakikaa 25 wanaramba vidole. Kamera iliyowekewa megabiti 2 kwa sekunde na fremu 25 inapata wastani wa kilobiti 80 kwa kila fremu. Ishushe hadi fremu 12 bila kugusa bitireti, kila fremu inapata kama kilobiti 167. Kwa picha ya megapikseli 4 tofauti hiyo inaonekana kwa macho, hasa usoni na kwenye nguo zenye maua.

Mafundi wenzangu watasema hesabu haiendi sawasawa hivyo, na ni kweli. Kodeki hutuma fremu moja kamili, kisha zinazofuata hubeba mabadiliko tu, kwa hiyo kupunguza fremu kwa nusu hakuongezi ubora mara mbili kamili. Lakini mwelekeo ni huohuo, na dawa ni ileile: kwanza shusha fremu, ndipo ufikirie kupandisha bitireti.

Unaogopa kupoteza tukio? Mtu anayetembea kawaida anakwenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Kwa fremu 12 anasogea sentimita 12 kati ya picha na picha. Hakuna mwizi atakayejificha kwenye sentimita 12. Mimi huweka fremu 12 hadi 15 kwenye mlango wa duka na 8 kwenye stoo. Kaunta ya fedha ni habari nyingine, kwa sababu mkono unaohesabu noti au unaopenyeza noti chini ya daftari unakwenda haraka kuliko miguu. Hapo weka 20 au 25 na uipe kamera hiyo bitireti ya kutosha, kwa kuzichukulia zile za stoo. Kwa megapikseli 4, fremu 15 na kodeki ya H.265, megabiti 2 hadi 3 zinatosha sehemu nyingi. Kamera ikiwa inajua H.264 tu, ipe 4.

Namba ya pikipiki haisomeki

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu watu wanaligundua siku wameshaibiwa. Mwenye duka moja la vipuri kule Ngamiani alinionyesha kipande cha rekodi: pikipiki inapita mbele ya duka lake magharibi, waliopanda wawili, wa nyuma amekumbatia boksi.

"Fundi, hizi ni fremu 25 na namba siioni. Nikiweka 30?"

"Kaka, hata ukiweka 60 haitasomeka. Hebu simamisha picha."

Akasimamisha. Taa ya nyuma ya pikipiki ilikuwa mstari mwekundu mrefu, kibao cha namba doa lililovutwa pembeni kama rangi iliyopakwa kwa kidole. Akasogeza fremu moja mbele, hali ileile. Nyingine tena, vilevile. Kila fremu peke yake ilikuwa imeharibika, na kuongeza idadi ya fremu zilizoharibika hakusaidii.

Idadi ya fremu inasema kamera inapiga picha ngapi kwa sekunde. Shata inasema kila picha inachukua mwanga kwa muda gani. Hivyo ni vitu viwili, na kwenye menyu vinakaa sehemu mbili: fremu ziko kwenye mipangilio ya video, shata iko kwenye mipangilio ya picha, chini ya mwanga. Pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa saa inapita mita 8.3 kila sekunde. Shata ikikaa wazi kwa sehemu 1/25 ya sekunde, pikipiki imeshasogea sentimita 33 ndani ya picha moja. Kibao kizima kimepakwa juu ya chenyewe. Kwa 1/500 inasogea kama sentimita 1.7, na kwa 1/1000 chini ya sentimita moja.

Kwa hiyo ondoa shata kwenye hali ya kujiendesha na uiwekee kikomo: isifunguke zaidi ya 1/250 kwa mlango wa duka, 1/500 kwa njia ya magari. Utakachoona papo hapo ni giza. Shata ya haraka inakula mwanga, na hakuna menyu itakayoufidia. Kinachofidia ni taa. Taa moja ya LED ya nje, imefungwa upande wa kamera ikimulika barabara, itakusaidia kuliko kununua kamera nyingine ya bei mara mbili. Ukikosa taa, kamera itapandisha usikivu wake na picha itajaa chembe, na chembe hizo zitakula bitireti yako yote.

Mambo mengine mawili yanaamua kama namba itasomeka. La kwanza ni upande kamera inakotazama. Kamera inayotazama barabara kwa ubavu inaiona pikipiki ikikata picha yote kwa kasi. Inayotazama kwa urefu wa barabara inaiona ikija au ikienda, na ndani ya picha inasogea kidogo sana. La pili ni upana wa eneo. Picha ya pikseli 2560 ikitazama upana wa mita 20, kila mita inapata pikseli 128, na kibao cha sentimita 20 kinaangukia pikseli kama 26. Hazitoshi kubeba herufi. Ipunguze hadi mita 8, kibao kinapata 64. Kamera moja haiwezi kulinda uwanja mzima na kusoma namba kwa pamoja. Tenga moja ya namba, ibane kwenye geti au kwenye kona ambapo kila chombo kinalazimika kupunguza mwendo, na nyingine ziangalie eneo.

Je, fremu hazina kazi hapa? Zina kazi moja, kukupa nafasi kadhaa za kubahatisha fremu nzuri. Pikipiki hiyo ikivuka mita 4 zinazoonekana vizuri, inatumia karibu nusu sekunde. Kwa fremu 12 unapata picha 5 au 6. Zikiwa kali, zinatosha.

Usiku picha inakuwa nzito, mtu anaacha mkia

Simamisha picha kwanza. Ukiona mwili wenyewe umevutika, ni shata iliyojifungua sana kutafuta mwanga. Kamera nyingi hutoka kiwandani zimeruhusiwa kufika 1/12 au hata polepole zaidi, na shata ya 1/12 haiwezi kutoa picha tofauti zaidi ya 12 kwa sekunde, hata menyu iwe imeandikwa 25. Ndiyo maana mteja anasema "mchana inakimbia, usiku inachechemea". Weka kikomo cha 1/25 kwa kuanzia, kisha uongeze mwanga.

Ukiona mtu yuko mkali ila nyuma yake kuna kivuli cha pili kinachomfuata kama moshi, hiyo si shata. Ni ile kazi ya kuondoa chembe kwenye picha, imewekwa juu mno; kamera inachanganya fremu zilizopita na za sasa ili picha ionekane laini. Ishushe hadi katikati au chini yake. Picha itakuwa na chembe kidogo zaidi na uso utakuwa wa kweli. Mimi nachagua uso.

Kuna usiku ambao kamera moja inakula bitireti na kurekodi mfululizo kana kwamba kuna watu wanapita. Panda ngazi uangalie lensi. Utando wa buibui ukipigwa na mwanga wa infraredi, ule wa kamera usioonekana kwa macho, unang'aa mweupe mbele ya lensi, na upepo wa kusi ukivuma unacheza usiku kucha. Kamera inaona mwendo. Futa kwa kitambaa laini kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, ndipo ukaushe. Ukifuta kikavu, ule unga wa chumvi unaobaki baada ya upepo wa bahari utakwangua kioo. Nyumba zilizo karibu na maji, Raskazone na Sahare, zinahitaji kufutwa mara nyingi kuliko za Kange.

Kamera inajizima kila giza linapoingia

Si fremu, lakini wengi hulitafuta kwenye fremu. Mchana kamera inatumia umeme kidogo. Taa zake za infraredi zikiwaka, matumizi yanapanda, pengine mara mbili. Chukua kamera ya volti 12 iliyo mita 40 kutoka kwenye adapta, kwa waya wa shaba wa milimita mraba 0.5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 80 za waya, ukinzani kama ohm 2.75. Kwa ampea 0.4 za mchana unapoteza volti 1.1, na kamera inabaki na 10.9, inavumilia. Kwa ampea 0.8 za usiku unapoteza 2.2, inabaki na 9.8, nayo inajizima, taa zinazimika, volti inarudi, inawaka tena. Pima kwa mita pale kwenye kamera taa zikiwa zimewaka, usipime kwenye adapta. Weka waya mnene au usogeze adapta karibu.

Mistari inapanda au kushuka polepole kwenye picha

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tyubu na taa za LED za bei ndogo zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyotoka kwenye boksi ikiwa imepangwa kwa hezi 60 inapiga fremu 30, na hesabu hizo mbili hazikutani. Tofauti yake ndiyo ile mistari. Kwenye mipangilio ya picha chagua hezi 50, au PAL kwenye rekoda za zamani. Kamera inaweza kujizima na kuwaka, na kiwango cha juu cha fremu kitashuka kutoka 30 hadi 25. Hujapoteza kitu. Kisha shata iwe 1/50 au 1/100.

Duka lililo wazi upande wa barabara lina tatizo la nyongeza: jua la mchana linailazimisha kamera kwenda 1/1000 na zaidi, mistari inarudi chini ya taa za ndani. Ukiibana kwenye 1/100, mlangoni kunakuwa kweupe tupu. Hapo badilisha taa za ndani, uchukue za LED zisizopepesa, au uigeuze kamera isitazame mlango moja kwa moja. Na kama mistari inakuja umeme ukikatika tu, ni jenereta: ndogo nyingi hazikai kwenye hezi 50, zinayumba na mzigo. Friji likiwaka mistari inakimbia, likizima inatulia. Hakuna cha kurekebisha kwenye kamera.

Kwenye simu inazunguka tu, au bando linaisha kabla ya adhuhuri

Mwenye duka yuko Muheza kufuata machungwa, anataka kuona duka lake la Tanga mjini. Anafungua kamera nne, kiduara kinazunguka. Anapima kasi ya intaneti ya dukani, inasomeka vizuri, anachanganyikiwa. Amepima kasi ya kushusha. Kamera zinapandisha, na rauta za laini ya simu mara nyingi zinapandisha kwa kasi ndogo kuliko zinavyoshusha. Kamera nne za megabiti 4 zinahitaji megabiti 16 za kupandisha bila kukatika. Mkondo mdogo wa kilobiti 384 kwa kamera hizohizo nne unahitaji megabiti 1.5 tu.

Basi mkondo mdogo uwe hivi: pikseli 640 kwa 360, fremu 10, kilobiti 384, kodeki H.264. Kwenye programu ya simu chagua ubora wa chini kwa kutazama kwa jumla, na ubora wa juu kwa kamera moja tu unapotaka kuhakikisha jambo. Uso mdogo wa simu hauonyeshi faida ya megapikseli 4 ukiwa umegawa vyumba vinne.

Kuhusu bando, megabiti 4 kwa sekunde ni megabaiti 30 kila dakika. Gigabaiti moja inakwisha kwa kama dakika 33. Kwa mkondo wa kilobiti 384, gigabaiti hiyohiyo inakaa karibu saa 6. Na ujue inaliwa pande mbili: simu yako inashusha, rauta ya dukani inapandisha, kila moja kwa bando lake.

Mbona nimesema H.264 wakati H.265 inabana zaidi? Kwa sababu baadhi ya vivinjari na simu za zamani haviifungui H.265, au vinaifungua kwa kuhema. Dalili yake ni skrini nyeusi huku sauti inasikika, au picha inayokwenda kwa kudonoa wakati simu imepata moto. H.265 iache kwenye mkondo mkuu, inakookoa diski.

Ukifungua kamera unasubiri sekunde kadhaa ndipo picha itokee

Nimesema kodeki hutuma fremu kamili, kisha mabadiliko. Anayefungua katikati hana pa kuanzia mpaka fremu kamili inayofuata ifike. Umbali kati ya fremu kamili mbili unahesabiwa kwa fremu, si kwa sekunde, na hapo ndipo mtego ulipo. Kamera ya fremu 25 iliyowekewa umbali wa 50 inatoa fremu kamili kila baada ya sekunde 2. Ukafuata ushauri wangu wa juu ukashusha fremu hadi 10 na kuuacha umbali kwenye 50, sasa unasubiri sekunde 5, na kurudisha rekodi nyuma kunaruka vibaya. Kila unapobadili fremu, badili na umbali: uwe mara mbili ya fremu. Fremu 10, umbali 20. Fremu 15, umbali 30. Zile hali za kubana zaidi, kama H.265+, huurefusha umbali huo zenyewe. Rekodi ikiwa inadonoa unapoisogeza, zizime.

Nusu ya chini ya picha inavutika au inakuwa kijivu

Vipande vya data vinapotea njiani. Kama mkondo wa RTSP (njia ya kamera kutuma video kwenye mtandao) unakwenda kwa UDP, ambayo hairudii kilichopotea, uhamishe kwenye TCP. Kilichopotea kitatumwa upya. Lakini usiridhike hapo, maana umefunika dalili. Angalia kasi ambayo mlango wa swichi umekubaliana na kamera. Inatakiwa megabiti 100. Ikisoma 10, kamera ya megabiti 8 na mkondo wake mdogo imekaba koo.

Chanzo hapa kwetu pwani mara nyingi ni kile kichwa cha waya kilichoachwa kinaning'inia nje nyuma ya kamera. Kichomoe ukiangalie juani. Pini zilizokuwa na rangi ya dhahabu zimeota ukungu wa kijani, mbili za kati pengine zimeliwa hadi haziguseki. Usizikwangue kwa kisu na kurudisha. Kata, rudi nyuma mpaka upate waya unaong'aa, bana kichwa kipya, kijaze jeli ya kuzuia unyevu, kiingie ndani ya kiboksi kisichopitisha maji, na waya uingilie kwa chini baada ya kuning'inia kidogo ili mvua idondoke kabla ya kufika.

Kisha kagua waya wenyewe. Kwangua kidogo kwa wembe: ukiona rangi ya fedha chini ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inavunjika ikipindwa, inapoteza umeme wa PoE (unaopita kwenye waya uleule wa mtandao) njiani na kwa hewa ya chumvi haikai. Waya wa shaba tupu ni ghali zaidi, na kwa nyumba ya karibu na bahari sioni sababu ya kufunga mwingine wowote. Umbali usizidi mita 100 kutoka swichi hadi kamera.

Diski haifiki wiki

Watu hushusha fremu wakitegemea kuokoa diski, na hawaoni tofauti. Bitireti ikiwa imewekwa isiyobadilika, diski inajazwa na bitireti, fremu haziingii kwenye hesabu. Megabiti 4 ni gigabaiti 43.2 kwa siku kwa kamera moja. Kamera nne zinakula karibu gigabaiti 173 kwa siku, na diski ya terabaiti 1 haifiki siku 6. Shusha hadi megabiti 2, unapata siku 11 na ushee. Ukishusha fremu kutoka 25 hadi 12, sasa unaweza kushusha bitireti bila picha kuharibika. Hapo ndipo faida yake inapopatikana. Bitireti inayobadilika inaokoa zaidi kwenye stoo tulivu, ila iwekee dari, usiku wa chembe na mvua usije ukala sehemu ya wiki nzima.

Rekodi ya saa ile haipo

Kabla ya kulaumu diski, hakikisha unatafuta saa sahihi. Rekoda inahesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane. Tukio la saa nane usiku liko kwenye 02:00, na siyo 08:00 wala 20:00, na tarehe yake ni ya siku inayofuata. Nimeona ratiba ya kurekodi iliyowekwa na mwenye duka kwa saa zetu: alitaka saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi, akaandika kuanzia 12:00, akawa anarekodi mchana wateja wakiwa tele na kuacha usiku mtupu. Sahihi ni 18:00 hadi 06:00, na kwa rekoda nyingi unaigawa mara mbili, 18:00 hadi 24:00 kisha 00:00 hadi 06:00.

Rekodi zikiwa zipo ila chini ya tarehe za ajabu, kama mwaka 2000, betri ndogo ndani ya rekoda imekufa, na saa inarudi mwanzo kila umeme unapokatika. Mara nyingi ni CR2032, inapatikana kwa mafundi saa. Ibadilishe umeme ukiwa umechomolewa, chagua ukanda wa GMT+3, washa kusahihisha saa kwa intaneti, na uipangie kila kamera ichukue saa kutoka kwenye rekoda.